Bakuli la Mwisho la Ankhu

Kwako mume wangu Ankhu, huko kaburini upande wa machweo.

Mimi mkeo sijambo, na yule bata bukini wako mkorofi ametaga. Kula polepole. Mkate ni wa shayiri, ule uupendao. Mwandishi ameyaandika maneno yangu kwa kuyazungusha ndani ya bakuli hili, chini ya mkate, hadi kitakoni, kwa hiyo usipoumaliza hutaisoma barua.

Bakuli unalijua. Ndilo la mwisho ulilofinyanga, ukatuacha kabla hujalichoma. Sasa mdogo wako Shemai amelinyakua tanuri letu. Ananiambia mbele ya watu, "Shemeji, mwanamke na tanuri wapi na wapi? Utatupasulia vyungu tu. Rudi kwenu!"

Nikamjibu, "Ngoja, kaka yako ataamua."

Alipokwenda kunywa pombe, nikalichoma hili mwenyewe. Ligonge ukingoni usikie linavyolia. Lina ufa? Halina. Lipeleke mbele ya baraza la wafu liwe shahidi wangu, halafu mwendee Shemai ndotoni, umkoseshe usingizi mpaka aondoke.

Ukiyaona maneno haya umefika chini, na umeshiba. Huna kisingizio tena. Inuka.

Ni mimi mkeo Henut, mwenye tanuri.