Midoli ya Roboti Imepitwa na Wakati

Alhamisi, Makole

Nimechoka kuipangusa vumbi ile midoli ya roboti wa kwenye kanda za video. Tangu duka letu lilipofunguliwa tunaiuza, yenye nembo halisi, na zamani watoto waliigombania. Leo mjukuu wangu Zuhura kaitazama akasema, "Bibi, hii ya kizamani," akarudi kuruka kamba.

Jioni akaingia kijana mmoja, karani wa serikalini, akachagua mdoli mmoja.

"Unampelekea mtoto?"

"Hapana, mama, ni wangu. Nilipokuwa mdogo nilikuja kuutazama hapa kila siku. Baba hakuweza kuninunulia."

Machozi yalimlengalenga. Nikamfungia mdoli wake kwenye gazeti, nikampa.

Lakini watoto wenyewe hawaitaki tena. Mwanangu Hamisi akienda Dar, nitamwambia asilete mingine. Sijui tutaweka nini pale kwenye rafu.