Mikono ya Kepteni Gundi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi ameamua! Jumamosi tunampeleka nje ya nchi. Nje! Miaka miwili nimekuwa rubani msaidizi kwenye hii jeti yake ya watu wanane, na mpaka wa nchi hatujawahi hata kuuchungulia. Nikampigia Shangazi, aliyenilea. Kosa langu. Kabla ya chakula cha mchana ukoo mzima ulikuwa na habari, na binamu alikuwa ameshatuma namba ya viatu.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Mama wa leseni, pale ofisi ya usafiri wa anga, ameigeuza leseni yangu mbele na nyuma. Iko wapi ithibati ya ndege ya aina hii? Haipo, nikasema, sijawahi kuihitaji. Na ni kweli — kwa msaidizi anayeruka ndani ya nchi, cheti cha mafunzo kinatosha. Kuvuka mpaka, lazima iandikwe kwenye leseni. Masharti: kupaa mara tatu, kutua mara tatu, usukani mikononi mwangu peke yangu, na kepteni athibitishe kwa sahihi. Kwa miaka miwili bila shaka unazo mia, akasema.

Nikafungua kitabu changu cha safari. Kupaa: kumi na moja. Kutua: sifuri. Sifuri ukurasa baada ya ukurasa!

Kwa sababu kepteni wangu ni Gundi. Jina nimempa mimi, hajui. Akishika usukani habanduki. Mimi nasoma orodha ya ukaguzi, naongea na mnara wa kuongozea ndege, namkorogea Bosi kahawa. Kila safari ananiambia nitatua mimi tukirudi. Tukirudi, kuna upepo. Au hakuna upepo, na hilo kwake ni baya vilevile.

Nisipoipata ithibati kabla ya Ijumaa saa kumi, Bosi atachukua msaidizi mwingine wa muda. Na hao wa muda huwa hawaondoki.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Gundi. Hakushtuka hata kidogo. Akachomoa kalamu — lete kitabu nikuandikie tatu, yaishe, nani atajua?

Mimi nitajua! Nilisema kwa sauti mpaka fundi wetu akatoa kichwa chini ya bawa. Nataka kutua kweli, Kepteni. Siku ukizimia kule juu, kalamu ndiyo itatua?

Kalamu ikarudi mfukoni. Kesho saa tatu, akasema, na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi alikaa nyuma yetu awe shahidi.

Mzunguko wa kwanza: barabara ya ndege inakuja, niko sawa kabisa — na huo mkono wa Gundi, pwaa, kwenye usukani. "Haihesabiki!" fundi akapiga kelele. Wa pili, Gundi aliapa kabisa hatagusa. Akagusa. "Haihesabiki!" Ati mikono imekwenda yenyewe. Basi ikalie, nikamwambia.

Kepteni wa saa elfu tisa angani, amekalia mikono yake! Na nikatua. Niliidundisha, fundi akajing'ata ulimi, lakini nilitua mwenyewe! Nikalia mbele yao, sikujali. Nikatua tena, afadhali. Kisha ya tatu, laini mno, fundi akapiga makofi.

Ila kuna kitu. Ile ya tatu, karibu na ardhi, Gundi alichomoa mkono na nikakiona kidole kwa pembe ya jicho. Kimoja. Kiligusa usukani, kikarudi. Fundi hakukiona. Nimenyamaza. Kidole si mkono. Sijui kwa nini naandika haya.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nane na nusu tulikuwa mbele ya meza ya Mama wa leseni. Gundi kavaa tai. Mama akasoma fomu: mwombaji alitua mara tatu bila msaada wowote? Gundi akachomoa kalamu ileile. Ikasimama hewani. Nikaangalia dari.

"Mbili," akasema. "Ya tatu niligusa. Kidole."

Nilitaka kummeza mzima! Juzi alikuwa tayari kuniandikia tatu za uongo, leo kidole kinamsumbua! Akanigeukia: na wewe ulikiona. Nikasema ndiyo. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Mama akatazama saa ya ukutani. Anafunga saa kumi kamili, akasema. Lakini fomu hakuirudisha kwenye faili.

Sasa ni saa tisa na dakika tano. Naandika nikiwa kwenye kiti changu ndani ya ndege, mkanda umefungwa. Shangazi amepiga mara nne, sijapokea. Mnara umetupa mzunguko mmoja, tusubiri dakika tano. Upepo upo, tena wa ubavuni. Gundi hajasema neno kuhusu upepo. Amevua saa, amevua pete, amempa fundi vyote avishike, na mikono imeshaingia chini ya mapaja.

Mnara unaita. Swichi za kuwashia injini ziko upande wake. Nimemkumbusha.

"Nyoosha mkono," anasema. "Mimi yangu nimeikalia."