Mbwa Wangu Ameota Manyoya, Nami Nimesema Ukweli

Jumamosi. Mvua ilipiga alfajiri, ikaondoka bila kuaga, na sasa jua limewaka hadi mawe ya hapa Igombe yanatoa mvuke. Ziwa limetulia. Nilipanga kwenda Bujora kwa dada yangu Minza, mvua ikanizuia, na sasa nasema asante mvua. Nina furaha leo, ile ya mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani na shingo bado haijaamini.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Bibi Kabula. Darasa sikuingia hata siku moja. Naongea kwenye simu, mjukuu wangu Stella aliyeko Dodoma anasikiliza na kuandika. Nimemkataza kunipamba. Nikisema nilikuwa mjinga, aandike mjinga.

Leo neno hilo litamchosha vidole.

Waseme ameota manyoya. Waseme ni mbwa wangu. Nilimpa jina hilo mwaka niliohamia hapa mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, watu walipoanza kunong'ona kwamba mjane anayeanika dagaa peke yake na hawaozi lazima ana kitu amefukia. Basi kila jioni nasimama mlangoni na kuita kwa sauti, "Waseme! Njoo ule!" Waliohusika walisikia. Kazi yake ni kulinda chanja zangu za dagaa. Kunguru wanamjua, yangeyange wanamjua, na mbuzi wa jirani wanapita upande wa pili.

Asubuhi nimempitisha mkono mgongoni. Miezi mitatu iliyopita mgongo ule ulikuwa kama kisigino changu wakati wa kiangazi: umepasuka, una magamba, tena unanuka. Leo mkono umepita kwenye manyoya mapya, mafupi, laini kama ya kifaranga. Nikacheka peke yangu. Akanitazama kama anayeuliza nimekula nini.

Sasa niseme lililo chini ya furaha hii.

Ukurutu ulimwanzia masikioni, ukashuka kwenye viwiko, ukaingia tumboni. Alijikuna mpaka damu. Halafu watoto wa jirani waliokuwa wakicheza naye wakaanza kujikuna mikono. Balozi wetu wa nyumba kumi, Masalu, alikuja akasimama mbali akaniambia kwa heshima lakini wazi: mbwa apone au aondoke, mwezi ukiisha anaita mgambo. Mgambo wakija kwa ajili ya mbwa hawaji na dawa.

Masalu nimembeba mgongoni akiwa mtoto. Nilimwambia amekutana na binti wa mfugaji, mimi nimeogesha ng'ombe wa baba tangu sijaota meno ya utu uzima.

Nikachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikapima kwa kifuniko, kama baba alivyopima. Nikautazama ule ukurutu, nikauona mkaidi, nikaongeza kifuniko cha pili. Na cha tatu. Nikamsugua mbwa mzima, hadi kwenye vidonda.

Kusoma sijui, lakini karatasi ya chupa ile ina picha. Ni picha ya ng'ombe. Mbwa hayupo. Hilo halihitaji shule.

Chai haijachemka, Waseme anatoka mapovu. Miguu ikatetemeka, akaanguka kando ya jiko. Nikakimbilia maziwa, kwa sababu sisi mtu akila sumu tunamnywesha maziwa, na mbwa pia. Nikampanua mdomo nikamimina. Nusu yakarudi kwa njia ya pua.

Nikapiga yowe. Akaja Mama Koku, jirani yangu wa kutoka Bukoba, mwalimu mstaafu, mtu anayeweza kuulizia ndizi kwenye harusi yenye pilau. Alininyang'anya kikombe.

"Unamzamisha, mwanamke wewe! Unamzamisha kwenye maziwa!"

Akampigia daktari wa mifugo. Daktari akasema tuvae mifuko ya plastiki mikononi, tumwoshe mbwa kwa maji mengi na sabuni, tumfunike asishikwe na baridi, tusimnyweshe kitu chochote, tumlete upesi. Tukampakia kwenye bajaji amezungushiwa kanga yangu ya sikukuu. Daktari akamchoma sindano za kupambana na ile sumu, akakaa naye hadi jioni. Mimi nilikaa sakafuni, nimeshika sikio lake.

Hakufa.

Kutibu ukurutu wenyewe kulianza baadaye, alipopata nguvu. Daktari alikwangua ngozi kidogo kwa wembe butu, akaweka kwenye kioo cha hadubini, akaniita nitazame. Nikaona mdudu ana miguu mifupi, anatambaa kama mlevi anayetoka kilabuni. Huyo ndiye anayechimba ngozi na kulala humo. Daktari akasema upele wa mbwa si wa aina moja, ndiyo maana lazima aangalie kwanza. Kisha akampima Waseme uzito, akachoma sindano ya kiasi cha uzito ule, akasema atarudia baada ya wiki mbili, na tena baada ya mbili nyingine, hata kama mbwa anaonekana amepona. Magunia aliyokuwa analalia tukayachoma moto. Tambara lake nikawa nalichemsha na kulianika juani. Wale watoto wakapelekwa zahanati, wakapewa dawa yao wenyewe ya kupaka, wakapona.

Neno moja la daktari limenikaa: dawa inapimwa kwa uzito wa mbwa, si kwa ubaya wa ugonjwa.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe.

Zile sindano mbili za mwisho daktari alinifuata hapa nyumbani kwa pikipiki. Watu wakauliza. Nikasema amekuja kuchanja kuku, si mnajua kideri kinavyoua. Na manyoya yalipoanza kuota, Masalu akapita, akashangaa. Mimi kwa kutaka kumkomoa nikasema, "Hiyo ni mikono ya baba yangu. Dawa ya ng'ombe tu, na kujua kupima." Niliona uso wake ulivyosinyaa, nikafurahi. Kesho yake nikawaambia wanawake wenzangu wa kwenye chanja. Nikampigia hata dada Minza, ana mbwa wawili. Baada ya hapo uongo ukawa unatembea wenyewe, hauhitaji kusukumwa.

Mama Koku alinisikia. Alinitazama tu, akaendelea kugeuza dagaa. Nilitamani anitukane.

Leo basi, mvua imekatika, nageuza dagaa wangu, namwona Masalu anakuja. Safari hii hakusimama mbali.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu." Akavuta kamba. Nyuma yake akatokea mbwa wake, Bosi. Masikio yana magamba, viwiko vitupu, anatembea hatua tatu anakaa kujikuna. Na mkononi mwa Masalu kuna chupa mpya ya dawa ya ng'ombe, ile ile.

"Nimekuja kwa mwalimu," akasema, na aibu yake ilionekana. "Nipimie kama ulivyompimia Waseme. Au nianze na oili chafu ya injini ya boti, halafu ndiyo dawa?"



Mwanamume aliyetaka kumuua mbwa wangu amekuja kuniamini. Wanawake kwenye chanja wameacha kugeuza dagaa, masikio yote huku. Uongo mwingine ulishafika mdomoni, umevaa na viatu. Ningeweza kusema dawa za siku hizi ni feki, aende kwa daktari. Mbwa angepona, na jina langu lingebaki safi. Lakini kesho angekuja mwingine na chupa yake, au asije kabisa, apime mwenyewe nyumbani kwa vifuniko vya Bibi Kabula.

Bosi akanisogelea akanilamba kidole cha mguu. Hajui lolote, maskini.

"Masalu, weka chini hiyo chupa."

"Bibi?"

"Iweke chini! Mimi nilikaribia kumuua Waseme kwa hiyo hiyo. Aliyemponya ni daktari. Mimi nilimpa sumu, nikamzamisha kwenye maziwa, nikapiga yowe. Huo ndio ujuzi wangu wote. Na oili chafu usithubutu, atailamba yote, imuunguze ndani na nje."



"Lakini Bibi," Masalu akasema polepole, "yule daktari si alikuja kwa ajili ya kuku?"

"Kuku gani? Kuku watatu ndio wafuatwe na pikipiki kutoka mjini?"

Hapo chanja zote zikalipuka kwa kicheko. Mama mmoja akapiga makofi: "Mimi nilisema! Kuku watatu wana daktari wao kama mawaziri!" Mama Koku akainuka, mkono kiunoni. "Miezi miwili, Kabula. Miezi miwili nimenyamaza mpaka shingo inaniuma. Mwalimu mzima!"

"Ungenisema basi!"

"Nikuseme nikukoseshe raha ya kusema mwenyewe?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Wabeja, Mama Koku, asante. Rafiki wa namna hii simpati tena katika maisha haya.

Masalu ndiye aliyekuwa hajacheka. Alikuwa anaitazama chupa. "Bibi, jana jioni nilishaifungua. Mke wangu ndiye aliyesema nije kwako kwanza. Na ningekukosa leo, ningemmwagia mwenyewe."

Bila mvua ile ya alfajiri, ningekuwa Bujora.

Nikakaa juu ya ndoo.

Mama Koku akampigia daktari. Daktari akasema anakuja, na tumtafutie uzito wa mbwa, maana mizani yake imeharibika. Uzito! Sisi watu wa mwaloni tukose mizani? Tukamweka Bosi kwenye tenga, tukalining'iniza tenga kwenye mizani ya dagaa. Akaning'inia pale masikio nje, macho yametoka, harufu ya dagaa chini yake na hawezi kula. Wanawake wakaanza kubishana: ishirini, kumi na tano, thelathini! Tukatoa uzito wa tenga, Bosi akabaki na kilo kumi na tisa. Waseme akawa anazunguka chini akibweka, naye anataka kupanda. Tukampandisha. Ishirini na nne. Alikuwa kumi na saba siku ile ya hadubini.

Basi wakaanza kutokea. Mmoja na mbwa wake nyuma ya gauni. Mwingine anasema wake hana ukurutu, anajikuna tu kwa mawazo. Jumla mbwa watano, wote wanaolala pamoja chini ya mitumbwi, kumbe wanagawana wadudu kama watu wanavyogawana umbea.

Daktari alifika, akavua helmeti, na kabla ya salamu akauliza, "Bibi, kuku wako hawajambo?"

Mama Koku aligeukia ziwa, mabega yanatikisika. Amenichongea kwa daktari huyu.

Daktari akawakwangua wote mmoja mmoja, akatazama, akawapa dawa kila mmoja kwa kilo zake. Hata wasio na kidonda bado, kwa sababu wanalala pamoja. Chupa ya Masalu akamrudishia: ni ya ng'ombe wake, kwa kipimo kilichoandikwa, na asiyeweza kusoma aulize. Hapo alinitazama mimi. Nikasema, "Nitauliza." Haikuniuma nilivyodhani.

Na jioni hii, Masalu amepita tena. Ameleta sato mkubwa, akamvunjia Waseme kichwa cha samaki kwa mkono wake mwenyewe, akatoa miba kwanza. Mgambo sijui watakula nini.

Nikabakiza jambo moja, nalo ndilo lililokuwa zito: dada Minza. Nimempigia simu nikiwa naogopa nitasikia mbwa wake wamekufa. Nikamwambia yote, kifuniko kwa kifuniko. 

Naye akasema, "Kabula, mimi sikuigusa hiyo dawa yako. Nilijua unadanganya."

"Ulijuaje?"

"Baba alikuruhusu lini kushika kifuniko? Aliyekuwa anasoma chupa na kupima ni mimi. Wewe ulikuwa unashika mkia."

Nimekaa hapa mlangoni nimewaza. Ni kweli. Kwa miaka yote hii nimejikumbuka na kifuniko mkononi, baba kanisimamia. Kumbe kilikuwa mkononi mwa Minza. Mimi nilikuwa nyuma, nimeng'ang'ania mkia wa ndama, naburutwa huku na huku, nacheka.

Mbwa wake mmoja ameanza kujikuna masikio. Daktari amekubali kunifuata huko.

Kesho, mvua ipige isipige, nakwenda Bujora. Daktari atapima. Minza atasoma chupa. Mimi nitashika mkia.