Dakika Tatu za Bwana Mdogo

Baba mpendwa,

Shikamoo. U hali gani huko kazini, na ule mgongo umeacha kukusumbua? Sisi sote tu wazima, na Bibi anauliza kama unakula ukashiba.

Mama alikupigia simu ikakatika katikati, kwa hiyo nimeomba nikueleze mimi kwa kirefu. Unakumbuka Bwana Mdogo alipopasuliwa utumbo akiwa na siku tano, daktari alisema kidonda kitapona, ila kwa kuwa upasuaji mkubwa wa mtoto mchanga huweza kuathiri ubongo, maendeleo ya ubongo wake yataangaliwa akifika miezi mitatu. Basi miezi imefika.

Kipimo chenyewe hakina sindano. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya taratibu, alimlaza chali akiwa na nepi tu, akamrekodi kwa kamera dakika tatu. Alitueleza kwamba mtoto wa umri huo, akiwa macho na ametulia, hutikisa shingo, viganja na vifundo vya miguu kidogo kidogo, kila upande, bila kuchochewa. Visipoonekana vijitikisiko hivyo, kuna wasiwasi. Kwa hiyo mtu asimguse wala asimsemeshe. Bibi alinung'unika kwamba mjukuu wake ameanikwa kama shati.

Video hiyo haikufaa. Mtaalamu aliitazama mara mbili, akasema mtoto alikazia macho upande mmoja na kurusha miguu tu. Turudi baada ya wiki. Wiki ile nilimkuta Mama akifua nepi zilizokwisha kufuliwa.

Jumanne tulirudi. Mimi nilibaki nje, nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Baba, laiti ungemwona! Alitazama dari kwanza, ametulia. Kisha shingo ikaanza, viganja vikazunguka, vifundo vikafuata, mpaka mwili mzima ukawa unacheza ngoma asiyoisikia mtu mwingine. Mtaalamu alimwambia Mama kwamba alichokuwa akikitafuta kipo, tena tele, na ni dalili njema sana. Tumrudishe akitimiza mwaka. Bibi alipiga vigelegele hadi mlinzi akaja mbio kuuliza kulikoni. Alipoambiwa, naye akapiga makofi.

Sasa nikuambie lililo moyoni. Ile video ya kwanza niliiharibu mimi. Nilimwona ametulia tuli, nikaogopa atafeli, nikatikisa funguo za Mama polepole nyuma ya migongo yao, pembeni ambako kamera haifiki, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake jibu kwenye mtihani. Mama akateseka wiki nzima kwa sababu yangu. Jana nilimwambia. Alinitazama, nikajua nimekwisha, kisha akacheka hadi akakaa chini, akasema niungame na kwako.

Nisamehe, Baba. Sikumwamini mdogo wangu, kumbe jibu alikuwa nalo mwenyewe.

Wasalimie wenzako wote wa kambini. Bibi na Mama wanakusalimu kwa mdomo. Bwana Mdogo anakusalimu kwa mikono na miguu yote.

Ni mimi bintiyo,
Dada Mkubwa