Kitanda Kisicho na Bolti

Jumapili, 9 Machi

Mungu amesema na Obonyo tena. Safari hii amesema juu yangu.

Amekuja baada ya ibada, koti lile la kijivu, Biblia kwapani, akakaa kwenye kiti cha marehemu ndugu yake bila kukaribishwa. Akanywa chai yangu kwanza. Kisha akasema ameonyeshwa kwamba si vizuri mimi kukaa hivi bila kufunikwa, na kwamba yeye, ndugu ya Ooko, ndiye wa kunifunika. Nikauliza kama Debra mkewe naye ameonyeshwa. Akasema Debra bado analiombea jambo hilo.

Wazee wa zamani walisema wazi: mjane lazima arithiwe. Hawakumsingizia Mungu. Obonyo ni mzee wa kanisa, neno kurithi haliwezi kumtoka mdomoni, kwa hivyo ni kufunika. Kama sufuria.

Andiko analo pia. Lile la mjane aliyeokota masazo shambani akaishia kuolewa na jamaa ya marehemu mumewe. Kila mwanamume anayemtamani mke wa ndugu yake analijua andiko hilo kwa moyo, na wengine hawajui lingine.

Nikamwambia naenda Eldoret. Dada yangu Akello amenitafutia kazi ya kusimamia mafundi kwenye karakana ya yunifomu, naanza tarehe saba mwezi ujao. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Perez, hiyo umeomba ama umeamua tu? Usitegemee akili yako."

Akili yangu! Tangu Ooko afariki, akili yangu ndiyo inayokaa kwenye cherehani kutoka asubuhi. Sijamwona Obonyo akishika hata sindano.

Jumanne, 11 Machi

Akello kapiga. Nafasi ni yangu, mwenye karakana anauliza tu kama naweza kufika mapema. Nimefurahi mpaka nimeshona mfuko wa shati la mtu ndani nje. Binti yangu Lorine yuko shule ya bweni, likizo atakuja huko huko.

Eldoret hakuna mtu wa kwa kina Ooko. Hakuna wa kuuliza nimelala wapi, nimeingia jikoni kwa nani, mbona nguo ni nyekundu. Nitakuwa Perez tu.

Alhamisi, 13 Machi

Maombi ya kina mama, kwa Debra, Otonglo. Tuliomba kidogo, Debra alishuhudia sana. Mungu alimwonyesha rangi ya mapazia. Mungu alimzuia kwenda matanga kwa Lornah — jua lilikuwa kali siku hiyo, nakumbuka. Mungu alimwambia abadilishe mama wa samaki, yule aliyemjibu vibaya sokoni. Chapati zake ni laini, hapo simnyimi haki yake.

Njiani nikawaza: sijawahi kusikia Mungu wa Debra akimkatalia Debra kitu. Wanakubaliana kama mapacha. Wa Obonyo naye ni hivyo hivyo. Mimi hajawahi kuniambia neno. Naenda kanisani, naimba, natoa sadaka, narudi. Labda hana namba yangu. Bora hivyo, hatugombani.

Jumatatu, 17 Machi

Mama ameanguka. Mama mkwe, huko nyumbani Seme. Mvua ilinyesha, asubuhi akatoka kufungulia kuku, tope likamtupa. Mfupa wa nyonga una ufa. Wamemleta hospitali hapa mjini.

Nimempelekea uji. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Nyar Alego, umekuja kuangalia kama nimekufa?" Nyar Alego — binti wa Alego. Ndivyo anavyoniita tangu niolewe. Jina langu nadhani halijui. Nikasema hapana Mama, nimeleta uji. Akaonja, akasema hauna ndimu.

Huyu ndiye aliyesimama kwenye mazishi ya Ooko, udongo wa kaburi haujakauka, akatangaza mbele ya watu kwamba nikikataa kurithiwa nitaleta chira, laana ya kulifagia boma zima. Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake. Sasa ameanguka. Najua nani atalaumiwa, na si tope.

Ijumaa, 21 Machi

Mkutano wa familia kwenye benchi la wodi. Daktari amesema wiki ijayo anatoka. Hapasuliwi. Lakini alale kwenye kitanda cha kweli, si mkeka, ageuzwe, aoshwe, asikanyage chini miezi mitatu. Na asirudi Seme, ni mbali na kliniki.

Otonglo kwa Obonyo kuna nyumba ya vyumba vinne vya kulala. Wote tunaijua, tumeonyeshwa mapazia yake.

Obonyo akasema tusikimbilie uamuzi wa kibinadamu, tungoje uongozi. Debra akafumba macho pale pale, akafumbua, akasema anasikia kizuizi moyoni. Huu ni msimu wake wa mfungo, nyumba inatakiwa kuwa kimya. Kizuizi kilifika haraka kuliko bodaboda. Na isitoshe, akasema, mila zetu haziruhusu mama kulala kwenye nyumba ya mwanawe. Debra huyu! Aliyemfukuza jirani kwenye maombi kwa sababu alifuata mila kwenye matanga. Kumbe wokovu ukichoka, mila inashika zamu.

Halafu wakanigeukia mimi, wote wawili kwa mpigo.

Nikasema Eldoret, tarehe saba. Nikachukua chupa yangu ya uji nikaondoka.

Jumapili, 23 Machi

Leo nimefungua Biblia kwa nia mbaya. Nilitaka kulisoma lile andiko la Obonyo mwenyewe, nipate pa kumchapia mbele ya Debra. Nimepata. Mkuki kwa nguruwe.

Yule jamaa mwenye shamba hayupo mwanzoni. Mwanzoni ni wanawake barabarani tu, wajane na mama mkwe wao, na yule mama ana uchungu, anawafukuza warudi kwao. Mmoja anarudi, wala hakuna anayemlaumu. Mwingine naye ana kwao pa kurudi. Anakataa, anabaki na yule mama. Mambo ya kufunikwa yanakuja baadaye sana. Obonyo ameruka safari yote akaenda moja kwa moja kwenye harusi.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka. Biblia nimeiweka chini ya vitambaa vya wateja.

Jumatatu, 24 Machi

Hapana.

Jumanne, 25 Machi

Nimesema hapana. Mimi si mtu wa kuonyeshwa vitu, ni uchovu tu. Nimepanga nguo kwenye sanduku, nikazitoa, nikazipanga tena. Na yule mama hanipendi! Kama Mungu anatafuta mtu wa kunipa nimtunze, Kisumu nzima kuna watu wenye shukrani. Nyalenda peke yake wamejaa.

Jumatano, 26 Machi

Nimepiga magoti kati ya cherehani na ukuta, pafinyu hapo. Nikasema: haya, sema basi kama unasema. Nataka kwenda Eldoret. Unajua nataka. Nafasi nimeipata kwa jasho langu. Nipe sababu moja ya kutoenda.

Hakuna sauti. Hakuna joto kifuani kama lile la Debra. Kulikuwa na jambo moja tu, wazi kama mteja aliyekuja kuulizia nguo yake: yule mama amelala pale na hakuna anayemtaka.

Nikasema hilo nalijua, nipe lingine. Hakukuwa na lingine.

Nimekasirika sana. Siku zote nawacheka hawa kwa sababu Mungu wao hawakatalii kitu. Kumbe nilipaswa kuwaonea wivu. Wangu amefungua mdomo mara moja tu, na hiyo mara moja amenikatalia. Sasa nitajidanganya vipi kwamba ni mawazo yangu? Mawazo yangu yako Eldoret, yamekaa kwenye kiti cha msimamizi, yanakunywa chai.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeenda. Nimesimama mbali kidogo na kitanda, kama mtu aliyeletwa kwa nguvu, nikasema, "Mama, ukitoka utakuja kwangu Migosi."

Akasema haiwezekani. Mama halali kwenye nyumba ya mwanawe, hata kama mwanawe yuko chini ya udongo. Nikasikia mabega yameshuka. Basi! Mungu ameona nimejaribu, mila imekataa, naenda zangu. Nilikuwa nimefika mlangoni.

"Nyar Alego. Hiyo nyumba ni ya nani?"

Nikasema ni ya kupanga. Ya Mbugua, yule Mkikuyu wa duka la vyuma.

"Sasa hiyo si nyumba ya mtoto yangu. Hiyo ni ya Mbugua. Kwa Mbugua naweza lala."

Mwanamke aliyenitisha na chira kaburini! Ametafuta upenyo mdogo kuliko tundu la sindano akapita na nyonga yake mbovu. Nilicheka mpaka nesi akageuka. Yeye hakucheka, lakini alivuta shuka mpaka puani. Nadhani anaogopa kurudi Seme kulala peke yake na ule mfupa. Nadhani amesikia habari za vyumba vinne pia.

Kisha akanirudisha. "Lakini kitanda ya Ooko, hapana. Hiyo amelala na bibi yake. Hiyo siwezi guza."

Nimemwagiza Mukhwana, fundi wa mbao, alete kitanda kidogo. Akello bado sijampigia.

Jumapili, 30 Machi

Naandika jikoni. Wanadhani naosha vikombe.

Mama yuko sebuleni kwenye kiti cha magurudumu, ameletwa na teksi. Kitanda kipya kiko nje, kimeegemea ukuta, kwa sababu cha Ooko hakitoki. Chumba changu cha kulala ni kidogo, viwili havienei, na sebule ni ya cherehani na wateja. Mukhwana mwenyewe ndiye aliyekitengeneza tulipohamia, humo humo ndani, na leo amekizunguka akikuna kichwa. Hakina bolti. Ni gundi na misumari, na mlangoni hakipiti.

"Mzee alikataa bolti," akasema. "Aliniambia bolti ni ya watu wa kuhamahama, yeye hapa amefika."

Ooko na uhakika wake. Ameondoka yeye, kitanda kimebaki. Nimemkumbuka ghafla, vile alivyokuwa akikipiga kofi na kusema hiki si cha kutingisika, mpaka nimeshika ukuta. Nampenda bado. Na mpumbavu yule, hata bolti moja.

Dawa yake ni msumeno, Mukhwana anasema.

Katikati ya hayo Obonyo na Debra wameingia na nguo za ibada. Obonyo ana furaha. Anasema Mungu amejibu: mjane akimchukua mama mkwe, basi amelikubali boma, sasa kufunikwa kumebaki kupanga siku tu. Debra akasema amina, kwa meno. Kabla sijafungua mdomo Mama akamjibu kwa Dholuo, polepole, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na Mukhwana asikie. "Obonyo, hapa ni kwa Mbugua. Ukitaka bibi hapa, enda uombe Mbugua." Mukhwana akainama kutafuta msumari ambao haukuwa umeanguka.

Sijui kama amenitetea au ni ukali wake wa kawaida. Mimi ameniambia chai ni nyepesi.

Simu inalia juu ya cherehani. Ni Akello, mara ya pili leo. Anataka kujua napanda basi siku gani. Mukhwana ameshika msumeno anangoja neno langu. Kikikatwa kimekatwa. Kitanda cha Ooko sina, Eldoret sina, nina mwanamke asiyejua jina langu, miezi mitatu au mpaka afe. Sasa namsikia Obonyo. Amempinga Mukhwana. Anasema kitu cha marehemu hakikatwi ovyo, tusitegemee akili zetu, tushikane mikono kwanza tumwulize Mungu.

Nimetoka nikamwambia mimi nilishauliza.

Nimerudi kuchukua shuka ya kuzuia vumbi lisimfikie Mama. Simu bado inalia. Mukhwana anauliza kutoka chumbani aanzie kichwani au miguuni.