Baba, Siku Uliyofungulia Adhuhuri

Baba yangu mpendwa,

Ramadhani imeingia tena hapa Kyambogo, nami nakuona kwenye kiti chako sebuleni, mgongo wima kana kwamba hukustaafu upolisi.

Mwaka ule sukari na presha zilikuwa zimekuandama muda mrefu. Mama na mimi, Wakristo wako wawili kama ulivyotuita, tulikusihi usifunge. Ukacheka. "Mimi askari," ulisema. "Njaa mimi najua." Ukala daku kidogo, ukameza vidonge vyako vyote, ukanuia.

Adhuhuri nikakukuta unatetemeka, shati limelowa jasho, unaniita kwa jina la shangazi. Mama akakoroga sukari kwenye maji. Ukakaza meno. Fahamu zilizobaki zilitosha kukwambia kwamba jua halijatua.

"Meza, Baba," nikakwambia. "Dhambi iwe yangu."

Ukanitazama, ukameza.

Daktari tuliyekukimbizia alitueleza kwamba kidonge chako cha kisukari hushusha sukari, uwe umekula au hujala. Wapo wagonjwa wanaopangiwa dawa upya wakaweza kufunga, lakini figo zako zilikuwa zimechoka, hakukuruhusu. Akakukanya pia usiache dawa wala kuzipunguza bila kumwuliza. Njia nzima ya kurudi ulitazama nje ya dirisha, nami niliogopa kwamba nimekuvunjia kitu nisichoweza kukiunga.

Aliyekuinua ni shehe wako. Alikuja nyumbani, akakukumbusha kwamba ruhusa ya mgonjwa imetoka kwa Mungu mwenyewe, akakwambia ulishe maskini badala ya kufunga. Basi kila jioni ukawa unampelekea chakula Mama Zaina, mjane wa Kikongo jirani yetu, na wanawe. Mchana ulikula nasi, mwanzoni kwa aibu, pazia limefungwa. Kisha siku moja ukalifungua mwenyewe.

"Nilidhani utii ni kushinda njaa," ulisema. "Kumbe hata kula ni utii."

Tukapewa miaka mingine na wewe. Uliwafundisha wanangu kupiga saluti, ukawaharibu kwa peremende, na ulipoondoka ulikuwa kitandani kwako, mkono wako ndani ya mkono wa Mama.

Nakulilia bado, ila si kwa uchungu wa mwanzo. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza pamoja. Mama sasa naye ana presha, na unamjua alivyo mbishi. Lakini kabla ya Jumatano ya Majivu alivaa viatu bila kuambiwa, akaniita mlangoni: "Twende kwanza kwa daktari, ndipo nifunge. Baba yako alitulipia somo hili."

Pumzika, Afande wetu. Huku tunakula vizuri.

Binti yako