Usimkabidhi Mtoto Kabla Sijafika

Mbarara, Jumatatu, 9 Juni 2014. Miezi mitatu tangu niwaache kambini Nakivale.

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimu pamoja na mama yako. Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka na kazi ya kubeba matofali. Unauliza kama umkabidhi mtoto unayemlea kwa mwanaume anayejiita mjomba wake, kwa kuwa anasema Kibembe chetu na anasali vizuri. Niliposoma hayo, nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa kazi kuomba ruhusa.

Tulipofika kambini, wewe ukiwa bado wa kubebwa mgongoni, mimi na bibi yako tulilea msichana wa miaka mitano, Riziki. Akaja mwanaume wa namna hiyo hiyo. Alitaja kijiji chetu, akaimba nyimbo zetu bila kitabu. Kwetu hiyo ilitosha.

Riziki alinishika suruali. "Papa, huyu simujue."

Bibi yako akacheka. "Batoto banasahau mbio. Utamuzoea, mama."

Nikamfungua vidole mimi mwenyewe, nikamkabidhi kwa mgeni.

Wiki iliyofuata tulimpelekea nguo zake kijiji cha Kabingo, alikosema mwanaume huyo anakaa. Hakuna aliyemjua mtu huyo. Tulitafuta hadi mji wa Endiinzi. Mpaka leo sijui Riziki aliishia wapi. Mgeni tulimsikiliza, mtoto hatukumsikiliza.

Furaha, mwambie mwanaume huyo angoje. Akikasirika, mwache akasirike. Peleka habari ofisi ya kambi, pale Base Camp, kisha umuulize mtoto kama anamjua, mkiwa wawili tu. Msimamizi amenipa ruhusa. Nafika Jumamosi, tukaione nyumba ya huyo mjomba kwa macho yetu.

Koko, babu yako